Kiti cha Nyuma

4 Februari

Swali,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nimechoka na dole gumba lako. Nikikutumia ujumbe, dole gumba. Nikipiga simu, uko mkutanoni, halafu baadaye dole gumba. Karatasi haina hicho kidude. Ukitaka kunijibu itabidi utafute kalamu, ukae chini, ufikiri.

Jumapili nilifanya ulichoniambia. "Sasisha tu, Dada, usiogope, mimi niko ndani." Nikasasisha. Mashine ikajizima, ikajiwasha, ikaniletea programu mpya ya kuhariri, inang'aa kweli kweli. Nikaifungua filamu ya Mama. Ikaniambia faili haitambuliki.

Haitambuliki na nani? Miaka sita nimekaa na kazi hiyo. Nimeijaribu kila njia. Programu ya zamani nayo imegoma kuwaka kwenye mfumo mpya, na kurudi nyuma hakuruhusiwi. Nimekwenda dukani kwenu kuomba diski yake, na kale kabinti ka fulana ya buluu kakaniambia imeshaondolewa rafuni, kisha kakaniuliza kama nimeiona simu mpya. Nikatoka kabla sijasema neno la kujutia.

Na usije ukaniuliza kama nilitunza nakala. Picha zote zipo. Kanda alizopiga Baba zipo, mahojiano yapo, sauti zipo. Kilichopotea ni mishono. Ni sawa na mtu aingie chumbani kwa Mama, afumue magauni yote aliyoshona, halafu akukabidhi vitambaa vimekunjwa vizuri aseme hakuna kilichoibiwa.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonikalisha kuandika. Daktari wa macho amerudia yaleyale: ile presha ya jicho imekula mshipa, na kilicholiwa hakirudi. Mwaka huu Mama ataona kiasi, mwakani tusitegemee. Nilimwahidi ataiona filamu yake kwa macho yake: chumba chake cha kushonea, waigizaji wakijaribu mavazi, Baba akimchokoza nyuma ya kamera. Nilibakiza kazi ya mwezi mmoja. Sasa sina hata dakika moja.

Kwa hiyo nenda kwa hao mabosi wako uniletee programu ya zamani, au kitu cha kufungulia kazi ya zamani. Sitaki pole.

Kiti cha nyuma bado kipo palepale studio kwangu. Nakukumbusha kwa sababu naona umesahau ulikotokea. Wahandisi wenu walikuwa wanakuja kukaa kwenye kiti kile, nyuma ya bega langu, wanaitazama mikono yangu ikifanya kazi, na sharti lilikuwa moja: hakuna kufungua mdomo mpaka chai. Mmoja aliona kidole changu cha mwisho kikihangaika kufikia kitufe fulani, na toleo lililofuata kitufe kikasogezwa. Nani aliwaomba? Hakuna. Waliona. Ndivyo kampuni yenu ilivyotupata sisi watu wa filamu, na wa muziki, na wa magazeti, wakati dunia nzima inawacheka. Na wewe ndiye uliyekuwa ukileta ile chai na maswali yako yasiyoisha, mpaka wakakuchukua.

Basi leo na mimi nina swali. Itafunguka lini?

Dada yako

*

17 Februari

Dada mpendwa,

Nimetafuta kalamu jengo zima. Hatimaye nimepewa na mlinzi wa getini, kwa hiyo ukiona mwandiko mbaya mlaumu yeye.

Pole, najua hukuitaka lakini nakupa. Nimefuatilia suala lako. Kuna kifaa kinatengenezwa, tunakiita daraja, kitakachofungua kazi zote za zamani ndani ya programu mpya. Ni suala la wiki chache. Wenzangu wa upande wa programu wamenihakikishia. Tafadhali usianze upya, utajichosha bure, subiri daraja.

Naelewa hasira zako na za wenzako. Lakini uiangalie na programu yenyewe, Dada, ukiwa umetulia. Ni nyepesi. Mtu ambaye hajawahi kuhariri kitu maishani anaweza kukata filamu ya mtoto wake ndani ya dakika chache. Hao ni watu wengi mno. Ninyi wa kazi hii mnapendwa sana hapa, picha zenu bado ziko ukutani kwenye korido, ila katika kila mashine mia tunazouza, mbili ndizo zinazokwenda kwa watu kama wewe.

Nimekutumia zawadi, itafika wiki hii. Ni mashine yetu mpya ya meza. Sikununua kwa punguzo la wafanyakazi, nimeomba moja kwa moja kwa mkuu wa idara, na alikubali aliposikia ni wewe. Ifurahie.

Mpe Mama mkono. Mwambie nimeweka picha yangu humu kwenye bahasha.

Mdogo wako

*

2 Machi

Swali,

Zawadi imefika. Nimeizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya wachawi. Haina mlango. Ile ya zamani ilikuwa na kitasa ubavuni, unavuta, unaingiza diski, unachomeka kadi ya sauti, unafunga, unaendelea na maisha. Hii imezibwa pande zote. Kadi yangu haina pa kuingia. Diski zangu zimening'inia nje kwa waya, na meza yangu imekuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Nani aliwaambia tunataka mashine nyembamba? Mimi naibeba kwenda nayo wapi?

Na hizo mbili katika mia zako zimenikaa kooni. Kampuni ilipokuwa inakaribia kufunga milango, nani walibaki wananunua? Hao hao wawili. Tulikuwa tunagombana na wahasibu wetu, tunaonekana vichaa, tunawashawishi wanafunzi wetu. Fundi wa sauti, yule rafiki yangu mnene aliyekufundisha kupiga mluzi, alikuwa na alama yenu amechora kwenye kasha la gitaa. Wiki iliyopita ameisugua kwa msasa. Amehamia kwa watengenezaji wengine, na anasema huko hawajui hata jina lake, lakini angalau mashine inafunguka. Mpangaji kurasa wa gazeti naye yuko njiani. Hawakuondoka kwa furaha, usidhani. Wameondoka kama watu waliofukuzwa kwenye nyumba waliyosaidia kuijenga.

Daraja liko wapi?

Mama ameishika picha yako karibu kabisa na jicho. Anasema umekonda, na hilo shati halikukai vizuri mabegani, ulete alishone. Jana alishona kifungo cha kijani kwenye koti la buluu. Sikumwambia. Nilikifumua alipokwenda kuoga, nikaweka kingine.

Sasa nakuuliza, na unijibu hili tu, mengine yote acha. Uliponiambia nisasishe, ulikuwa unajua?

Dada yako

*

21 Machi

Dada,

Hapana. Sikujua kama faili zako hazitafunguka. Mimi si mtu wa programu, ni mtu wa mahusiano na mafundi wa sanaa, na siwezi kujua kila kinachoandikwa na kila mhandisi. Daraja limechelewa kidogo, limewekwa nyuma ya mambo mengine, lakini lipo.

Na kwa kuwa unasema yako wazi, acha na mimi niseme yangu. Mnalia sana. Samahani, lakini mnalia sana. Tulipowasikiliza ninyi peke yenu, kampuni ilikuwa inakufa. Mlitaka mashine ghali zenye matundu kumi na mawili, na mlikuwa mnazinunua mara moja halafu mnazitunza kama vito vya bibi. Zilizotuokoa ni simu. Watu mnaowadharau, wanaopiga picha za chakula na watoto wao, ndio wanaolipa mshahara wangu. Na mshahara wangu, kama umesahau, ndio unaolipa yule daktari wa macho unayemnukuu.

Unaniandikia kana kwamba mimi ndiye kampuni. Ninapoingia kwenye chumba cha mkutano, mimi ni mtu mmoja mwenye kiti kimoja mwisho wa meza. Hukuwahi kufanya kazi ndani ya kitu kikubwa, Dada. Wewe una chumba chako, mlango wako, birika lako. Ukikataa, umekataa. Mimi nikikataa, wanatafuta mwingine.

Shati nitalileta.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Swali,

Yule Mrefu alikuja jana. Unamkumbuka, mhandisi aliyekuwa anakunja magoti mpaka kidevuni kwenye kiti cha nyuma, ndiye aliyesogeza kitufe changu. Ameacha kazi kwenu. Alikuja kuomba msamaha, nyumba kwa nyumba, kwa watu wote aliowahi kukaa nyuma yao. Nilimpa chai. Hakuinywa.

Anasema mwaka jana, mwezi wa tisa, mlikaa mezani kuamua kama programu mpya itoke kabla daraja halijakamilika. Yeye na wenzake waliomba mngoje. Mkuu wa idara akasema hapa tuna mtu ambaye kazi yake ni kuwasemea mafundi, tumsikie. Akageuka akakuuliza wewe: watu kama dada yako watafanyaje?

Nawe ukacheka kidogo, ukasema, "Dada yangu atazoea."

Wakapiga kura, wakaenda kula.

Nilimwambia Mrefu arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Akarudia, anaangalia viatu vyake.

Sikukasirika kwa sababu walikushinda. Kushindwa ningekuelewa. Ungesema watu hawa wataumia, wakakupuuza, ukarudi kwako ukanyamaza, ningekupikia. Lakini hawakuhitaji hata kukushinda. Walikuuliza swali moja, wewe uliyeitwa Swali na nyumba nzima, ukaniuza kabla hawajamaliza kuuliza. Halafu mwezi wa kwanza ukanipigia, kwa sauti ile ya kubembeleza, uniambie nisiogope.

Mashine yako nimeirudisha dukani. Dawa za Mama nitanunua mwenyewe kuanzia sasa. Usiniandikie.

Mimi

*

11 Julai

Dada,

Najua ulisema nisiandike. Hupokei simu, na Mama akipokea anasema yuko kazini na wewe, atanipigia, halafu hapigi. Kazini gani na wewe? Mama anafanya nini studio?

Nilisema. Sikatai. Chumba kilikuwa kimeshaamua, Dada, walikuwa wanataka mtu wa kuwapa ruhusa tu, na mimi nikaona nikisema kinyume nitaonekana nimeletwa na undugu. Nilifikiri daraja litatoka baada ya wiki mbili na hutagundua kitu. Nilikujua wewe ni mtu wa kuzoea. Ulizoea kifo cha Baba, ulizoea kunilea. Nilidhani naisifu nguvu yako, Mungu ananiona.

Lakini tangu Mrefu aondoke sina hata mtu mmoja hapa aliyewahi kukaa kwenye kile kiti. Juzi binti mmoja mgeni aliniuliza hao mafundi wa sanaa ni akina nani hasa, nikamwonyesha tu picha zenu za ukutani.

Niambie hali ya macho ya Mama. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako

*

6 Oktoba

Dada,

Bila shaka umesikia. Kama hujasikia, kaa chini kwanza.

Wamekubali kwamba walikosea. Si kwa minong'ono, hadharani, mbele ya waandishi. Mkuu mpya alisimama akasema tuliwapa mgongo watu waliotujenga na tunataka warudi. Mauzo yamechangia, sitakudanganya. Wanafunzi wanaona walimu wao wamehamia kwingine nao wanafuata hukohuko. Lakini ni kweli, Dada. Kuna mashine mpya. Ina mlango ubavuni. Ina kitasa. Nilipokivuta mara ya kwanza nilikukumbuka mpaka nikatoka nje.

Na daraja limetoka. Nimeweka diski humu. Nimelijaribu kwa mikono yangu kwenye kazi ya zamani kama yako na imefunguka yote, kila mshono.

Sasa ombi. Tunafungua ukumbi mkubwa wa maonyesho mwezi ujao, kwa ajili ya mafundi peke yao. Mimi ndiye niliyewasimulia kuhusu kiti cha nyuma, na kila mtu amekipenda. Wanataka kukiweka katikati ya ukumbi, juu ya jukwaa dogo, chenye taa, na maandishi: Hapa ndipo tulipojifunza kusikiliza. Na wanataka wewe usimame kando yake useme maneno machache. Watakutumia tiketi. Gari la kuchukua kiti litakuja tarehe ishirini na tano, wameshapanga na watu wa usafirishaji, wewe ufungue mlango tu.

Nimewarudisha, Dada. Nilikaa kule mwisho wa meza mpaka wakanisikia. Naomba unihesabie hilo.

Mama atafurahi. Mwambie ataiona filamu yake.

Mdogo wako

*

26 Oktoba

Swali,

Gari lilikuja jana, vijana wawili wenye glovu nyeupe na blanketi la kufungia. Niliwafungulia mlango, kama ulivyoagiza. Wakaingia, wakakiona kiti, wakasimama. Kisha wakaomba radhi wakaondoka mikono mitupu. Nitakueleza kwa nini.

Mwezi wa nne, baada ya kukuandikia, nilianza upya. Nilinunua mashine iliyotumika kutoka kwa watengenezaji wengine, ina kelele, lakini inafunguka. Nikamwaga vitambaa vyote mezani nikaanza kushona tena kutoka mwanzo. Mama akasema hawezi kungoja nyumbani huku macho yanakwisha, atakuja kuiona inapotengenezwa. Akaja. Kiti cha kukalia kilikuwa kimoja tu.

Kwa hiyo ukiuliza Mama anafanya nini studio, alikuwa amekalia kiti chenu. Sharti la kunyamaza mpaka chai alilikataa siku ya kwanza. Alikuwa anasema muda wote: hapo sivyo, hapo nilikuwa nimekasirika, usinionyeshe nacheka. Hapo baba yenu alinigusa bega, acha iende kidogo. Mwanzo alikuwa anaonyesha kwa kidole kwenye skrini. Mwezi wa sita akawa anasogeza kiti mbele. Mwezi wa saba alikuwa karibu ananipanda mgongoni, ananipumulia shingoni, ananiuliza kama taa imewaka. Ilikuwa imewaka.

Mwezi wa nane akaacha kusogeza. Nikaelewa, na yeye akajua nimeelewa, tukaendelea. Robo ya mwisho tumeikata kwa masikio. Anasikiliza cherehani lake kwenye kanda za Baba, likisimama ananigusa bega, nakata. Amenifundisha kazi yangu. Lakini sitaki mlitie hilo kwenye taa zenu.

Sasa diski yako. Niliiweka, sitakuficha, nilitaka kujua. Ilifunguka. Ile filamu ya zamani yote, mshono kwa mshono, kama ilivyokuwa Jumapili ile. Nikaitazama peke yangu. Na kuna jambo nilikuwa nimelisahau, nikalikuta humo.

Kwenye ile ya zamani wewe uko mwanzo. Dakika ya kwanza kabisa. Una miaka mitano, umesimama juu ya stuli kwenye chumba cha kushonea, umevaa kanzu ya mfalme inayokuburuza, na unamuuliza Mama kwa nini sindano ina tundu kama jicho na haioni. Baba anacheka mpaka kamera inatikisika. Nilikuweka pale kwa sababu ndipo Mama anapokuwa mzuri kuliko mahali pengine pote.

Tulipoanza upya nilikuweka palepale. Mama akakataa. Alisema huyo mweke mwisho, nataka nimngoje. Mimi nikamwambia Mama, tuanze naye tu. Akasema fanya ninavyokwambia. Alitaka akutunze.

Basi ndivyo ilivyokwenda. Filamu yote ameiona, au kuiona nusu, au kuiona ukungu. Kipande pekee ambacho hakukiona hata kidogo ni chako. Amekisikia. Alicheka ulipouliza swali. Kisha akaniuliza kama ile kanzu ilikuwa nyekundu au zambarau, maana amesahau, na mimi nikamwambia nyekundu.

Unataka nikuhesabie. Mmerudisha kitasa. Ni kitasa kizuri, sina shaka, na fundi wa sauti ameshasikia, anasema atakifikiria msasa ukimtoka mkononi. Hao waambie ulivyoniambia mimi, pengine watakuja. Wana kazi nyingine mbele yao. Mimi ile kazi moja nilikuwa nayo, ilikuwa na mwisho wake, na mwisho umepita mkiwa mkutanoni.

Kiti hakiji. Wale vijana wenye glovu walimkuta Mama amekikalia, amegeuzia uso skrini iliyozimwa, akawauliza kama mmoja wao ni wewe.

Simameni kwenye ukumbi wenu mseme mnachotaka kuhusu kusikiliza. Ila wakikuuliza tena juu ya watu wenu, usiwaambie uliyowaambia. Ulikosea, Swali, kwa yule uliyekuwa unamjua kuliko wote. Mimi pengine nitazoea. Nimeshazoea mengi, umeyataja mwenyewe.

Ila Mama kila asubuhi bado anapapasa mezani kutafuta miwani yake. Nimeiacha palepale anapoiweka, siwezi kuiondoa. Anaivaa, anaifuta kwa upindo wa kanga, anaivaa tena. Hajazoea.

Njoo ulete lile shati.

Dada yako